Mnaoanza kazi Jozani, anzieni mashambani

Vijana wanaokuja Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, wawe wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, walinzi wa msitu au watembeza watalii, karibu wote hutaka kwanza kuwaona kima punju. Nawaelewa. Mnyama huyu asili yake ni Unguja tu, na yumo kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Lakini kama mnataka kumsaidia, siku zenu za mwanzo zitumieni mashambani, kusini mwa msitu. Piteni kwa sheha, kiongozi wa eneo, pigeni hodi kwa wenye mashamba, amkieni wazee, halafu kaeni msikilize.

Mtasikia habari za minazi. Kima punju hula vidaka, yaani nazi changa kabisa, na mkulima anayeona vidaka vimetapakaa chini ya mnazi wake huhesabu kila kimoja kuwa nazi iliyopotea. Katika miaka ya 1990 watafiti waliupima ugomvi huu. Walihesabu vidaka vilivyoliwa, kisha wakahesabu nazi zilizoangushwa wakati wa mavuno. Hawakuona kwamba kima wanapunguza mavuno. Minazi iliyoliwa vidaka vingi ndiyo iliyoelekea kuzaa zaidi. Maelezo yao ni kwamba mnazi hupukutisha vidaka vingi wenyewe, na vikipunguzwa mapema, vinavyobaki hupata nafasi ya kukua hadi kuwa dafu na nazi.

Utafiti huo ujueni vizuri, lakini msiende kumsomea mkulima kama hukumu ya mahakama. Mtu aliyepanda mnazi kwa mkono wake hatulizwi na jedwali. Pia kima hula zaidi ya vidaka, na mazao mengine hayakupimwa hivyo. Kilichopoza mambo zaidi, kwa ninavyoona mimi, ni fedha: sehemu ya kiingilio cha watalii kurudi vijijini, na wenye mashamba wanaotembelewa na kima kulipwa fidia. Malipo yakichelewa, msijifiche. Nendeni mkawaambie watu yamekwama wapi. Ukimya ndio unaoharibu ujirani.

Jozani ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2004, ya kwanza Zanzibar, ikiwa na ukubwa wa kilomita za mraba 50 hivi. Mpaka huo tunaujua sisi. Kima wanatoka kwenye mitondoo ya msituni, wanaingia kwenye mikoko ya kijiji cha Pete, wanavuka barabara na kufika kwenye miembe na miti ya mikungu ya watu. Majani ya miti hiyo miwili yana kemikali zinazosumbua tumbo, na kima wamejifunza kula makaa yanayobaki kwenye matanuri na vigogo vilivyoungua, kwa kuwa makaa hunasa sumu hiyo. Watoto huiga kwa mama zao. Basi anayetaka kuyajua maisha ya kima huyu lazima ayajue na ya jirani yake.

Barabara nayo ina somo lake. Ilipotiwa lami, magari yakaongeza mwendo na kima wakawa wanagongwa mara kwa mara. Matuta yalipowekwa, vifo vilipungua sana, ingawa havijakwisha. Mkikuta kima amegongwa, andikeni mahali hasa, saa, jinsia, na kama ni mtoto au mkubwa. Kazi hiyo inauma, na hakuna mgeni atakayeipigia picha, lakini bila daftari hilo hakuna atakayejua tuta jingine liwekwe wapi.

Kuhusu idadi, kuweni waangalifu. Sensa ya kisiwa kizima iliyochapishwa mwaka 2019 ilipata kima zaidi ya 5,800, wengi kuliko ilivyodhaniwa awali. Nimewasikia watu wakisema kima wameongezeka. Sivyo. Safari hii walitafutwa kwa bidii hata kwenye misitu ambayo haikuwahi kuhesabiwa. Watafiti hao hao walionya kwamba watoto wanaofikia utu uzima ni wachache. Tena wengine wanaishi nje ya hifadhi, kwenye vichaka vya maweni, ardhi ya mawe ya matumbawe, vinavyokatwa kwa kuni, makaa na viwanja.

Kwa mgeni kanuni ni chache na hazina mjadala: asisogee karibu, asiguse, asilishe. Tumbo la kima punju limeumbwa kwa majani machanga na matunda mabichi, na ndizi mbivu ya mtalii inaweza kumdhuru. Mtembeza watalii asimwonee haya anayemlipa.

Tena msisahau paa nunga. Wapo ambao watafanya kazi hapa muda mrefu wasimwone, kwa sababu ni mwoga na hujificha kwenye maweni, ambako hutegewa mitego na kuwindwa na mbwa. Wanaomjua zaidi ni wasasi wa zamani vijijini. Watafuteni, waombeni mtembee nao, na wanapowaonyesha njia na kinyesi chake, andikeni. Wengi wao umri umekwenda, na wanayoyajua hayako kwenye ripoti yoyote ofisini.