Tafiti 14 za vikoba: nizijumlishe vipi?

Mdogo wangu, umeuliza kama tafiti zako 14 za vikoba, nyingine za Dar, nyingine za India, unaweza kuzijumlisha na kugawa upate wastani. Hapana, si hivyo. Geuza kwanza kila tokeo liwe ukubwa wa athari, yaani kikoba kilileta mabadiliko kiasi gani, kwa kipimo kimoja, kisha kila utafiti upewe uzito kulingana na usahihi wake. Na kwa kuwa Mbagala si Mumbai, tumia modeli ya athari nasibu, inayokubali kwamba athari halisi hutofautiana kutoka utafiti hadi utafiti. Angalia I², yaani asilimia ya tofauti kati ya matokeo isiyotokana na bahati tu: ikifika 75%, wastani peke yake unaficha mengi. Tafuta pia tasnifu zilizolala maktaba pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, maana matokeo yasiyoonyesha athari mara nyingi hayachapishwi. Mimi nilizipuuza, msimamizi akanirudisha mara mbili.