Namna ya kuifaidi Daisy Jones & The Six

Ukiifungua riwaya hii unaweza kudhani umeuziwa makaratasi ya mahojiano. Hakuna msimulizi. Ni jina na maneno yake, kisha jina jingine na maneno yake, mpaka mwisho. Taylor Jenkins Reid aliitoa mwaka 2019, na bendi yake ya roki ya Los Angeles ya miaka ya 1970 ni ya kubuni, ingawa usishangae ukijikuta unaitafuta mtandaoni.

Mwanzoni kabisa unaambiwa bendi ilivunjika Chicago, Julai 12, 1979. Kwa hiyo hakuna haja ya kukimbilia mwisho. Wala usiisome kama hakimu. Billy Dunne, kiongozi, atakwambia hivi. Eddie, mpiga gitaa aliyechoka kuelekezwa namna ya kupiga, atakwambia vile, na wote walikuwa studio ileile. Utamu uko hapo wanapopishana. Warren wa dramu ndiye nimpendaye: anachomekea mzaha wa sentensi moja, maelezo marefu ya Billy yanapwaya.

Mashairi ya albamu yao, Aurora, yamewekwa mwishoni. Usiyasubirishe. Wimbo ukitajwa, ruka ukausome, kisha urudi. Billy ana mke, Camila, na Daisy, mwimbaji mwenzake, analijua hilo. Wanatunga pamoja, halafu wanapanda jukwaani kurushiana vijembe mbele ya umati. Aliyekulia kwenye mipasho ya taarabu hahitaji mkalimani hapo.

Katikati ya kusoma, tafuta Rumours, albamu ya bendi ya Fleetwood Mac, ya 1977. Ilirekodiwa wanabendi Stevie Nicks na Lindsey Buckingham wakiwa wanaachana, na ndoa ya wenzao John na Christine McVie imeshavunjika. Sikiliza "Go Your Own Way": Buckingham anamsema Nicks, na Nicks huyohuyo yumo kwenye kiitikio. Ukitoka hapo, ugomvi wa Billy na Daisy hutauona umetiwa chumvi.

Dawa za kulevya zimejaa humo, na si za kupamba hadithi. Siku binti yake anapozaliwa, Billy anashindwa hata kuingia kumwona. Anakwenda kutibiwa uraibu. Kama nyumbani mna mtu wa namna hiyo, soma polepole.

Tamthilia ya 2023, aliyoigiza Riley Keough, mjukuu wa Elvis Presley, iache mpaka umalize kitabu. Si mbaya, lakini Pete, mpiga besi wa bendi, wamemfuta kabisa, na The Six wakabaki watano.