Maji ya mto yanapogeuka tope kwenye turubai

Swali: Nachora kijiji kando ya mto kwa rangi za mafuta, nikijaribu kufuata mtindo wa Monet, mchoraji wa Ufaransa. Maji yanageuka kijivu cha tope, na taswira ya nyumba majini inaonekana kama kibandiko. Nakosea wapi?

Jibu: Tope huletwa na brashi inayorudi palepale. Rangi ya chini ikiwa bado mbichi, mpigo wa kwanza huikalia. Wa pili na wa tatu huikoroga, na bluu ikishavurugika na rangi ya chungwa kijivu hakikwepeki. Changanya kwenye ubao wa rangi. Kwenye turubai weka mpigo mmoja kwa brashi bapa ya nywele ngumu, inua, futa kwa kitambaa. Tenga brashi ya rangi za mwanga na ya rangi za giza. Pakichafuka, kwangua kwa kisu.

Kagua nyeupe yako pia. Monet alitumia nyeupe ya risasi, isiyofunika sana (ni sumu, usihangaike kuitafuta). Ya titani humeza rangi nyingine na kuzipa sura ya chokaa, kwa hiyo ongeza kidogo kidogo.

Kuhusu kibandiko, nadhani umeipindua nyumba juu chini na kuinakili. Maji huionyesha nyumba kana kwamba unaitazama kutoka chini ya usawa wa maji. Ikiwa imejengwa nyuma ya ukingo, ukingo huficha sehemu yake ya chini, hivyo taswira huwa fupi. Tazama mchoro wa Monet wa mwaka 1868 wa ukingo wa mto Seine huko Bennecourt, Ufaransa, uliopo kwenye jumba la sanaa la Art Institute of Chicago: majani ya mti yanaficha sehemu ya nyumba za ng'ambo, lakini majini zinaonekana. Tena, kwa kawaida cheupe majini hufifia kidogo na cheusi hupauka. Ukiviacha sawa na vya juu, maji hupotea.

Shusha taswira kwa mipigo ya wima, kingo zake zikiwa laini. Iache ikauke siku kadhaa, kisha pitisha mipigo michache ya mlalo yenye rangi ya anga: myembamba na iliyobanana kwa mbali, mipana na iliyoachana kwa karibu. Tabaka la chini lilegezwe kwa tapentaini, la juu lipate mafuta ya kitani zaidi. Ukigeuza mpangilio huo, rangi itapasuka.