Milioni Nane na Shamba la Matikiti

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia: "Kaka, nimelipwa mafao yangu, milioni nane, na nimepata ekari tano za kukodi kando ya Mto Ruvu. Niziingize zote kwenye matikiti?" Niliusoma ujumbe huo mara tatu, kwa sababu mwaka 2021 ningeweza kuuandika mimi.

Wakati huo nilikuwa na kizimba katika Soko Kuu la Kariakoo, nikiuza mbegu za mboga na mabomba ya kupulizia dawa. Kwa kuwa kipupwe ni msimu mzuri wa mboga, mwezi Juni nilikopa kwa mtu kwa riba ya kausha damu, nikaweka hati ya kiwanja changu dhamana, nikajaza mzigo hadi juu. Mke wangu aliniuliza kwa nini nisiache hata robo yake nyumbani. Nilimjibu kwamba woga haujengi nyumba. Usiku wa Julai 10 soko likaungua.

Nilichookoa ni makopo kumi na mawili ya mbegu za nyanya, rangi imebabuka lakini vifuniko vimekaza. Nilifurahi kama mtoto. Nyumbani nilitandaza mbegu ishirini juu ya kitambaa kibichi, nikakikunja, nikasubiri, na hadi siku ya kumi hakuna hata moja iliyochipua. Joto lilikuwa limeziua humo humo ndani ya kopo.

Kiwanja kilikwenda, na deni halikuisha. Kuna jamaa alinisalimia msibani kwa kuniita "tajiri", na sijamsahau.

Ndugu zangu, tunapenda kuamini kwamba hasara humpata mzembe. Daftari langu lilikuwa safi, wateja walikuwapo, na bado niliungua. Moto, mafuriko, bei kuporomoka kwa sababu wote wamevuna wiki moja, hayo hayako mikononi mwako. Kilicho mikononi mwako ni ukubwa wa kile utakachopoteza siku yakikufika. Gaweni mzigo. Kateni bima ya moto, ambayo mimi niliidhania ni ya wenye maghorofa. Leo nina fremu mbili katika mitaa miwili, faida ni ndogo, na mwaka jana nililipa ada za wanangu bila kukopa, jambo ambalo nalisema kwa majivuno.

Nilimshauri kijana yule alime ekari moja msimu huu, pesa zitakazobaki azifungie benki. Hajanijibu. Nadhani alitaka nimwambie azitie zote.