Muulize Mhandisi: Ghala la korosho kugeuzwa madarasa

SWALI: Mhariri, mimi ni mwenyekiti wa kamati ya ujenzi ya shule moja ya msingi wilayani Newala, Mtwara. Chama chetu cha msingi cha ushirika kimekubali kutuachia ghala la zamani la korosho, lililojengwa miaka ya 1970, lenye urefu wa mita 27 na upana wa mita 8. Kuta ni za matofali ya saruji, mabati yanavuja, na kwa miaka mingi lilihifadhiwa humo salfa ya kupulizia mikorosho. Fundi wetu ametuandikia makadirio ya kugawa vyumba vitano, kuziba paa na kupaka rangi, na anasema watoto wataingia Januari. Sasa ni Juni. Je, makadirio hayo yanatosha?

JIBU: Ndugu Mwenyekiti, fundi wenu huenda amehesabu matofali vizuri, lakini ameliona ghala kama darasa lililopungukiwa kuta za ndani tu. Ghala hujengwa ili mwizi asipite, jua lisichome magunia na mvua ya upepo isiingie, na ndiyo maana lenu, kama mengi niliyoyaona huko kusini, bila shaka lina mlango mmoja mpana na vitundu vya hewa karibu na paa. Darasa linataka kinyume chake. Sehemu kubwa ya fedha zenu itakwenda kwenye kutoboa kuta, siyo kuzijenga, na makadirio yasiyotaja madirisha mimi siyahesabu kuwa makadirio.

Tuanze na idadi ya vyumba. Mkigawa vitano, kila kimoja kitabaki na takribani mita za mraba 42, na kwa kiwango cha wanafunzi 45 kwa darasa kila mtoto atapata chini ya mita moja ya mraba, kabla hamjaweka meza ya mwalimu. Gaweni vinne. Kila chumba kitakuwa na kama mita za mraba 53, na madirisha matano ya mita 1.5 kwa 1.5, matatu upande mmoja na mawili upande wa mlango, yatatoa mwanga unaozidi kidogo moja ya tano ya eneo la sakafu, kipimo ambacho kinatosha kusomea bila umeme. Yakiwa pande zote mbili, upepo nao utapita moja kwa moja.

Lakini msitoboe hata tundu moja kabla mhandisi wa halmashauri hajawajibu swali hili: kenchi za paa, yaani fremu za mbao zinazobeba mabati, zimekalia nguzo au zimekalia ukuta wenyewe? Kama ni nguzo, ukuta ulio kati ya nguzo na nguzo unafunguliwa bila hofu kubwa. Kama paa limebebwa na ukuta, kila dirisha litafunguliwa kwa zamu, kwa kuegemeza kwanza, kumwaga lenta, yaani boriti ya zege, juu yake na kuisubiri ikomae ndipo la pili lianze. Kuta za kugawa nazo zijengwe chini ya kenchi, hata kama chumba kimoja kitazidi kingine kidogo, na zipande mpaka zigusane na bati. Nimewahi kukaa katika darasa ambalo ukuta wake uliishia kwenye lenta: mwalimu wa chumba cha pili aliuliza saba mara nane, na waliomjibu walikuwa wa kwetu.

Jambo lililonishtua katika barua yako ni salfa. Chukueni bisibisi mkakwangue nyufa za sakafu pale pembeni, mtaona unga wa manjano hata kama ghala lilifagiliwa mwaka jana. Vumbi lake huwasha macho na kifua, hushika moto kwa urahisi, na likikaa kwenye unyevu hugeuka asidi taratibu ikala saruji na nondo. Msifagie pakavu na msiwatume wanafunzi kusafisha. Mafundi wavae barakoa na miwani, watumie pumba za mbao zilizoloweshwa, na hapo jamvi la zege la sakafu linapomeguka kwa kidole livunjwe na kumwagwa upya. Kulifunika kwa saruji nyembamba ni kuahirisha kazi. Hii ni gharama ya pili ambayo fundi hakuiandika.

Paa ni jambo jepesi zaidi, na mshukuru kwamba ni bati na siyo asbesto. Lakini kuziba matundu ya mabati ya umri huo ni kazi isiyokwisha. Badilisheni yote, mkague mbao kama zina mchwa, na mfunge mifereji. Kwenu uwandani mnajua bei ya pipa la maji, na zege linahitaji kumwagiliwa angalau siku saba. Kwa hiyo tangi liwekwe mapema, na maji ya ujenzi yaandikwe kwenye makadirio kama kifaa kingine chochote.

Vyumba vinne ni wanafunzi 180. Wakiwa nusu kwa nusu, kwa kiwango cha tundu moja la choo kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25 mnahitaji matundu matano na manne. Mashimo yachimbwe sasa.

Kuhusu umiliki, kauli ya viongozi wa chama haitoshi. Pateni muhtasari wa mkutano mkuu wa wanachama, mmshirikishe afisa ushirika wa wilaya, na mwiteni mthibiti ubora wa shule aone mchoro kabla ya ununuzi. Kama mtajenga kwa fosi akaunti, yaani kununua vifaa wenyewe na kuajiri mafundi badala ya mkandarasi, kamati ya mapokezi ihesabu saruji mfuko kwa mfuko getini, wala isisaini karatasi iliyoletwa na mwenye lori.

Januari inawezekana, ila kwa mpangilio huu: Julai sakafu na ukaguzi wa kuta, Agosti na Septemba paa na madirisha. Ikifika Oktoba korosho zinaokotwa na hamtapata mtu wa kubeba kokoto; kazi za ndani, yaani lipu, milango na rangi, ndizo zibaki kwa wachache watakaokuwepo, chini ya paa ambalo limekwisha kufungwa kabla ya mvua za Desemba.