Kwa mnaoanza zamu za CT: programu inayotafuta donge la damu mapafuni

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya CT, mashine ya eksirei inayopiga picha za ndani ya mwili vipande vipande, katika hospitali za Marekani, mapema sana mtaonyeshwa programu ya akili mnemba inayosoma picha za mapafu kabla daktari hajazifungua. Ikihisi donge la damu kwenye mishipa, huipandisha picha hiyo juu ya foleni na kutuma ujumbe kwenye simu za madaktari. Programu za namna hii zilianza kupata kibali cha mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya huko mwaka 2019, na kibali chenyewe ni cha kupanga foleni na kuita watu, si cha kutoa majibu. Ninaipenda. Ila mjue inapoishia.

Usiku mmoja, programu ikiwa bado mpya kwetu, saa tisa niliteremshiwa mzee aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga siku chache nyuma, anahema kwa shida. Picha ilipotokea niliona mwenyewe: donge refu limelala kwenye njia panda ya ateri ya mapafu, upande mmoja limeingia kulia, mwingine kushoto. Dakika chache baadaye alama nyekundu ikawaka kwenye orodha. Nikashukuru, nikaona wahusika wameshapata habari, nikamrudisha mzee wodini na kumwita mgonjwa mwingine. Zilipopita kama dakika 40 roho haikutulia, nikapiga simu wodini kuuliza kama ameanzishiwa heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Nesi akaniuliza, "Heparini ya nini?"

Ujumbe ulikuwa umekwenda kwa daktari aliyemaliza zamu jioni. Hakuna aliyebadilisha jina kwenye orodha ya walio zamu. Mzee alipona, lakini zile dakika 40 zinanihusu mimi pia, kwa sababu niliona kwa macho yangu na sikumwambia mtu. Tangu hapo nikiliona donge nanyanyua simu, hata kama alama imeshawaka.

Ndiyo maana nawaambia mwulize mapema ujumbe unamfikia nani usiku, na nani anaamua tiba. Hospitali ya Massachusetts General, Boston, iliunda timu ya dharura ya donge la mapafu mwaka 2012, miaka kadhaa kabla ya programu hizi: simu moja inapigwa, wataalamu wa moyo, mapafu, dharura, upasuaji na mionzi wanakutana hapo hapo kumjadili mgonjwa mmoja. Hospitali nyingi zimeiga. Penye timu ya namna hiyo programu inaokoa muda kweli. Pasipo na timu inaongeza kelele tu. Programu haimwoni mgonjwa: namba ya juu ya presha ikishuka chini ya 90, uamuzi unakuwa tofauti kabisa na wa mtu aliyetulia, hata kama picha zao zinafanana.

Sasa kazi iliyo mikononi mwetu, nayo ni picha yenyewe. Programu haiwezi kusoma mshipa usiong'aa. Dawa ya kontrasti, inayoing'arisha mishipa kwenye picha, inasukumwa kwa kasi ya mililita 4 hadi 5 kwa sekunde, kwa hiyo tafuta kanula (mrija mdogo unaoingizwa mshipani) ya kijani, au ya pinki ikishindikana, kwenye kiwiko. Usikubali ile ndogo ya mgongo wa mkono kwa kuona haya kumwambia nesi. Halafu pumzi. Wengi wenu mtafundishwa kusema, "Vuta pumzi ndefu, shikilia." Kwa kipimo hiki pumzi ndefu inaharibu, kwa sababu huvuta kwa nguvu damu ya tumboni na miguuni, isiyo na dawa, ikaingia moyoni na kuizimua ile inayotoka mkononi. Mshipa unatokea na kiza katikati, na kiza hicho programu inaweza kukiita donge. Mwambie mgonjwa avute kidogo tu, abane. Mfanyishe mazoezi mara mbili kabla ya kusukuma dawa, hasa mwenye hofu.

Programu ikinyamaza pia usitulie. Madonge madogo ya pembeni huipita, na picha iliyotikisika huichanganya. Kunyamaza kwake si majibu, na mgonjwa akikuuliza, usimpe kama majibu.

Mahali ninapoiona thamani yake kubwa hasa ni kwa wasioshukiwa donge kabisa. Mgonjwa wa saratani amekuja kutoka nyumbani kupimwa maendeleo ya uvimbe, anatembea, anacheka, na picha yake ingesubiri kusomwa hadi kesho. Alama ikiwaka, yeye anavaa viatu. Kwa hiyo kanula yake usiharakishe kuitoa. Mwombe kwa upole aketi kidogo, umweleze kwamba daktari anataka kuiangalia picha kwanza, na ukae naye karibu mpaka simu ijibiwe.