Fed wamepunguza, riba ya nyumba imepanda: kwa wadogo zangu mnaoanza kazi ya mikopo

Septemba 2024 nilimshauri mama mmoja wa Kikongo hapa Houston asubiri. Nyumba alishaipata, mkopo wa dola 280,000 kwa miaka 30 ulikuwa mbioni kupita, na riba ilikuwa inazungukia asilimia 6. Nikamwambia, "Mama, Benki Kuu wameanza kupunguza riba. Wamekata nusu asilimia kwa mpigo mmoja, na mwaka huu watakata tena. Vuta subira mpaka Januari." Akasema, "Sawa mwanangu, wewe ndiye unayejua."

Fed, yaani hiyo Benki Kuu ya Marekani, walikata kweli. Robo asilimia Novemba, robo nyingine Desemba. Katikati ya Januari, wastani wa riba ya mkopo wa nyumba nchi nzima ulikuwa umevuka asilimia 7. Kwa mkopo uleule, malipo ya kila mwezi yaliongezeka kwa zaidi ya dola 170. Mama hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Aliniuliza kwa upole tu: "Sasa walipunguza nini?"

Nyinyi mnaoingia kazini sasa mtaulizwa swali hilohilo, kwa hiyo nawaandikia niliyojifunza kwa aibu ile.

Walichopunguza ni riba ya mkopo wa usiku mmoja, ile ambayo mabenki hutozana yanapokopeshana fedha za akiba hadi kesho yake. Hiyo ndiyo riba ambayo Fed wanailenga kwenye vikao vyao. Mteja mwenye deni la kadi ataiona haraka, kwa sababu riba ya kadi hupimwa kwa kiwango ambacho mabenki hukiweka asilimia 3 juu ya ile ya Fed. Mkopo wa nyumba wa miaka 30 unatembea na mwingine. Huo unafuata riba ya hatifungani ya serikali ya miaka 10, yaani hati ambayo serikali huiuza ili kukopa fedha kwa wawekezaji, na hatifungani hiyo haina mwenyekiti wala kikao. Bei yake inapangwa na wanunuzi: mifuko ya pensheni, makampuni ya bima, serikali za nje, matajiri wa kila namna, kila mmoja akijiuliza bei za vitu zitakuwaje miaka kumi mbele, na Washington itakopa kiasi gani hadi hapo.

Sasa rudini kwenye ile miezi minne. Wanunuzi walikuwa wameshabashiri punguzo la Septemba tangu kiangazi, kwa hiyo riba ya nyumba ilishuka kabla ya kikao. Mimi nilikuwa namwambia mama asubiri basi lililokwishapita. Kisha takwimu za ajira za Septemba zikatoka nzuri kuliko ilivyotarajiwa, na hofu kwamba uchumi unadorora ikapungua. Ukaja uchaguzi wa Novemba. Donald Trump akashinda akiahidi kupunguza kodi na kupandisha ushuru wa forodha. Anayeikopesha serikali anaposikia kodi itapungua, anajua mikopo ya serikali itaongezeka. Anaposikia ushuru, anajua bei za vitu huenda zikapanda. Akadai malipo makubwa zaidi. Hatifungani ya miaka 10, iliyokuwa na riba ya asilimia 3.6 hivi katikati ya Septemba, ikakaribia asilimia 4.8 katikati ya Januari. Fed walikuwa wanashuka ngazi, soko linapanda.

Kwa hiyo mkisikia mteja anasema "Rais kapandisha riba" au "Rais atashusha riba", msibishane naye, ila nyinyi wenyewe mjue nani ameshika nini. Kodi na matumizi ni ya Kongresi, kwa saini ya Rais. Riba ya usiku mmoja inaamuliwa na kamati ya watu 12 wanaopiga kura, inayokutana mara 8 kwa mwaka: magavana 7 wa Fed, rais wa tawi la New York, na wanne kati ya marais wa matawi mengine 11, wanaopokezana. Mwenyekiti ana kura moja kama wenzake. Mkono wa Rais unapitia kwenye uteuzi. Anapendekeza magavana, Seneti inathibitisha. Kipindi kamili cha gavana ni miaka 14, makusudi kabisa, ili marais wapite na yeye abaki. Uenyekiti ni miaka 4.

Msidhani aliyeteuliwa anabaki kuwa mtu wa aliyemteua. Jerome Powell aliteuliwa kuwa mwenyekiti na Trump, na kabla mwaka wake wa kwanza haujaisha Trump alikuwa anamlalamikia hadharani kwa kupandisha riba. Biden akamteua tena, yeye aliyekuwa wa chama kingine.

Ugomvi huu ni wa kale. Desemba 1965 mwenyekiti alikuwa William McChesney Martin. Fed walipandisha riba wanayoyatoza mabenki kutoka asilimia 4 hadi 4.5, kwa kura 4 dhidi ya 3. Rais Lyndon Johnson, aliyekuwa akigharimia vita vya Vietnam na miradi yake ya kupambana na umaskini kwa wakati mmoja, alikuwa amepumzika shambani kwake hapahapa Texas baada ya upasuaji. Akamwita Martin huko shambani akamfokea. Zipo simulizi kwamba alimsukumia ukutani. Ukutani au hapana, Martin alirudi Washington na riba ikabaki palepale.

Arthur Burns alikuwa mtu wa namna nyingine. Alikuwa mshauri wa Richard Nixon kabla hajawa mwenyekiti mwaka 1970, na kanda zilizorekodiwa White House zinamuonyesha Nixon akimshinikiza alegeze fedha, yaani mikopo iwe rahisi, kabla ya uchaguzi wa 1972. Fedha zililegea. Nixon akashinda majimbo 49 kati ya 50. Kufikia mwisho wa 1974 mfumuko wa bei ulikuwa umepita asilimia 12. Sitaki kumtwisha Burns mzigo wote, maana katikati kulikuwa na vikwazo vya mafuta vya Waarabu na bei zilizofungwa kwa amri ya serikali kisha zikafunguliwa. Lakini katika kazi yetu inafaa kukumbuka kwamba waliofurahia fedha rahisi mwaka 1972 na waliolipia baadaye hawakuwa watu walewale.

Bili yenyewe ililetwa na Paul Volcker. Jimmy Carter alimweka Agosti 1979, na jioni ya Jumamosi, tarehe 6 Oktoba, Volcker akawaita waandishi wa habari kutangaza kwamba atakaza ugavi wa fedha na riba iende itakapokwenda. Ilikwenda hadi karibu asilimia 20. Wafanyakazi wa mikopo wa zamani bado wanausimulia mwaka 1981, riba ya nyumba ilipopita asilimia 18. Ile nyumba ya mama wa Kikongo, kwa riba hiyo, ingemtaka zaidi ya dola 4,300 kila mwezi. Wajenzi waliokosa wateja walimtumia Volcker vipande vya mbao kwa posta, vimeandikwa malalamiko. Wakulima walilizunguka jengo la Fed kwa matrekta. Mwishoni mwa 1982 watu 10.8 katika kila 100 wa nguvukazi hawakuwa na kazi. Mfumuko wa bei, uliokuwa zaidi ya asilimia 14 mwaka 1980, ukashuka chini ya 4 mwaka 1983. Carter hakuwepo kuufurahia. Alishindwa uchaguzi Novemba 1980, na sifa za bei kutulia akazivuna Reagan, aliyemshinda.

Ukipenda kuelewa siasa za Marekani, hapo ndipo pa kuanzia: dawa ya Fed inachelewa, uchaguzi hauchelewi.

Tuliyaona tena juzi. Machi 2020, korona ilipoingia, Fed waliishusha riba hadi karibu na sifuri, na Kongresi ikapitisha msaada wa dola trilioni 2.2. Hundi za dola 1,200 zikaingia kwenye akaunti za watu. Machi 2021 ukaja msaada mwingine wa trilioni 1.9, hundi za dola 1,400. Mimi mwenyewe nilipokea na sikulalamika. Viwanda na bandari vikiwa vimekwama, watu wakawa na fedha kuliko bidhaa. Fed wakasema mfumuko ni wa kupita, wakangoja, wakachelewa. Juni 2022 ulifika asilimia 9.1. Kati ya Machi 2022 na Julai 2023 walipandisha riba mara 11, hadi kati ya 5.25 na 5.50.

Ndugu zetu nyumbani walilipa pia. Kenya ilikuwa na deni la hatifungani ya dola bilioni 2, iliyokopwa 2014 na kutakiwa kulipwa Juni 2024. Serikali ya Marekani yenyewe ikiwa inalipa zaidi ya asilimia 5 kwa mkopo mfupi, hakuna mwekezaji ambaye angeikopesha Kenya kwa bei ya zamani. Januari 2024 dola moja ilipita shilingi 160 za Kenya. Februari nchi ikakopa bilioni 1.5 kwa gharama ya zaidi ya asilimia 10 ili kulipia ile ya kwanza, na shilingi ikapumua. Kaka yangu wa Nairobi alinipigia kuuliza kwa nini nyinyi Wamarekani mnatufanyia hivi. Nikamwambia mimi nauza mikopo ya nyumba tu.

Kuhusu kazi ya kila siku. Tarehe za vikao vya Fed ziandikeni kwenye kalenda, lakini msiahidi chochote juu yake. Siku nzito zaidi kwetu mara nyingi ni ya takwimu za ajira, kwa kawaida Ijumaa ya kwanza ya mwezi, na ile ya mfumuko wa bei. Zote hutoka asubuhi, saa 1:30 kwa saa zetu za Houston, na riba uliyomtajia mteja jana inaweza isiwepo kabla hajamaliza chai. Takwimu zenyewe hurekebishwa miezi inayofuata. Agosti 2025, baada ya marekebisho makubwa ya kushusha, Trump alimfukuza kamishna wa ofisi ya takwimu za kazi siku hiyohiyo. Wanaonunua hatifungani kwa kutegemea namba hizo waliiona habari hiyo pia.

Kisha kuna kufungwa kwa serikali Kongresi inapokosa kuelewana juu ya bajeti. Ya 2025 ilidumu siku 43, kuanzia tarehe 1 Oktoba. Wengi walizungumzia viwanja vya ndege. Sisi wa Houston tulikwama kwingine: mpango wa serikali wa bima ya mafuriko ulisimama kutoa bima mpya, na kwa nyumba iliyo kwenye eneo la mafuriko, benki haitoi mkopo bila bima. Nilikuwa na familia moja imeshapakia vitu kwenye maboksi. Tulihangaika na bima ya kampuni binafsi, ghali kuliko walivyopanga, ndipo wakahamia. Wala takwimu ya ukosefu wa ajira ya Oktoba haikuwahi kutoka, kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kwenda kuuliza.

Mwaka huohuo, tarehe 24 Julai, Trump alikwenda kukagua ukarabati wa majengo ya Fed, amevaa kofia ngumu ya ujenzi, Powell pembeni yake na kofia kama hiyo. Mbele ya kamera akasema gharama imefika dola bilioni 3.1, akamkabidhi karatasi. Powell akaitazama akatikisa kichwa: hapo mmejumlisha jengo la tatu, lililokamilika miaka mitano iliyopita. Jengo hilo linaitwa Martin, kwa jina la yule aliyeitwa shambani na Johnson.

Yule mama alinunua hatimaye, nyumba nyingine, ndogo kidogo. Safari hii sikumtabiria kitu. Nilimwekea mezani malipo ya mwezi kwa riba ya siku ile, nikamuuliza kama anayaweza hata isiposhuka kamwe. Nikamwonyesha pia gharama za kubadilisha mkopo, maelfu ya dola, iwapo itashuka. Alizisoma mara mbili, akatoa miwani, akaniuliza, "Na Fed?" Nikamwambia wanakutana Jumatano. Akasaini Jumanne.